Malezi: Mtoto wa Nyumba Iliyoyumba Atasimamaje?



Kila mwalimu wa shule ya msingi katika Kasongo na Kabambare anaijua alama hii. Mwaka wa shule ukianza mwezi wa Septemba, madawati yamejaa; Pasaka ikikaribia, yamekwisha anza kupungua. Ukiuliza fulani yuko wapi, wenzake hujibu kwa maneno machache: baba yake amekwenda kwenye dhahabu, hajarudi, mama yake ameolewa katika kijiji kingine, nyanya yake ni mgonjwa, naye ndiye anayemtekea maji. Mwalimu hutia alama ya kukosa mbele ya jina, kisha huendelea na hesabu.

Somo letu la leo lamhusu mtoto huyo aliyetiwa alama. Twataka kujua mambo matatu: kwa nini nyumba yake inayumba, ni nini kinachoweza kumsimamisha, na ni nani mwenye wajibu wa kufanya hivyo.

I. Kwa nini nyumba nyingi zinayumba

Wako watu wasemao kwamba umaskini wa nyumba fulani ni laana, au kwamba ukoo ule una damu mbaya. Maneno hayo ni ya hatari, maana mtoto huyasikia, na akiisha kuyasikia mara nyingi huyaamini. Basi na tutazame kwanza mambo yaliyoipata nchi yetu.

Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ilipita Kabambare na Kasongo hata kufika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Kasongo ulikuwa makao ya Tippu Tip. Pembe za ndovu zilipita njia hiyo, na watumwa pia. Vijiji vilichomwa, na watoto wengi hawakuwaona tena mama zao. Kisha vikaja vita vya mwaka 1892 hadi 1894 kati ya jeshi la Dola Huru ya Kongo na wale Waarabu na Waungwana. Kasongo ulitekwa mwezi wa Aprili 1893. Baada ya vita, utawala wa kikoloni ukaleta kazi za lazima, kilimo cha pamba cha lazima, na kuwaondoa vijana vijijini ili wafanye kazi machimboni. Uhuru ulipopatikana, haikupita miaka mingi yakatokea maasi ya Simba ya mwaka 1964. Tena vikaja vita vya 1996 na 1997, na vile vya 1998 hadi 2003. Na hata baada ya hapo vikundi vya silaha viliendelea kuwasumbua watu wa Kabambare, wakayaacha mashamba yao mara kwa mara na kukimbilia msituni au mjini.

Nyumba haivunjwi na vita peke yake. Mtu wa Kabambare aweza kulima mpunga, mihogo na karanga kwa bidii, lakini barabara ni mbovu, na mali inayobebwa kwa baiskeli siku nyingi humpa faida ndogo. Basi anamwacha mke na watoto, anakwenda kwenye machimbo ya Namoya na Salamabila. Mwezi mmoja anapata, miezi mitano hapati. Akipata, anadaiwa, asipopata, anaona haya kurudi mikono mitupu. Miaka miwili ikipita, huko amejenga nyumba nyingine, na huku watoto wanalala njaa.

Sababu hizo zote zina majina na zina miaka. Kwa hiyo mtoto asiambiwe kwamba amezaliwa na laana. Aambiwe kwamba amezaliwa katika nchi iliyopigwa mara nyingi, na kwamba watu wake wangali hai, wangali wanalima na kuzaa na kusomesha. Kujua hivyo ni hatua ya kwanza ya kusimama.

II. Uimara ni nini, tena si nini

Watu wengi huchanganya uimara na ugumu. Mtoto mgumu halii, hasemi, hamwamini mtu, na akipigwa leo na mkubwa wake, kesho humpiga mdogo wake. Jirani humsifu: “Huyu ni mwanamume kweli.” Lakini ugumu huo ni kovu tu. Mti uliokauka husimama wima kuliko yote, hata siku upepo ukizidi, ukavunjika mara moja. Mwanzi huinama upepo ukipita, kisha husimama tena, kwa sababu ndani yake ungali na maji.

Mtoto imara basi ni yule anayeweza kulia na kunyamaza, kuanguka na kuinuka, kuomba msaada bila kuona haya, na kumpenda mtu ijapokuwa wako waliomwacha. Uwezo huo haushuki tu kama mvua juu ya wengine na kuwapita wengine. Unajengwa kidogo kidogo, na wanaoujenga ni watu. Ndiyo maana wazee walisema: mkono mmoja haulei mwana.

III. Mambo yaliyoonekana katika kisiwa cha Kauai

Pengine msomaji atasema: “Hayo ni maneno matamu ya waalimu. Ushahidi uko wapi?” Uko ushahidi uliokusanywa kwa uvumilivu mkubwa.

Katika visiwa vya Hawaii, huko Marekani, kuna kisiwa kiitwacho Kauai. Mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Emmy Werner, pamoja na wenzake, aliwafuata watoto waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955, jumla 698. Waliwatazama wakiwa wachanga, wakiwa na miaka 2, miaka 10, miaka 18, miaka 32, hata wakafika miaka 40. Wengi walikuwa watoto wa watu wa kazi za mikono, waliotoka mataifa mbalimbali.

Karibu theluthi moja ya watoto hao walizaliwa katika taabu nyingi kwa pamoja: umaskini, wazazi wanaogombana au waliotengana, baba mlevi, au mama mgonjwa wa akili. Kati ya hao wenye taabu nyingi, theluthi mbili walipata matatizo makubwa ya masomo au ya mwenendo kabla ya kufika utu uzima. Lakini theluthi moja walikua vizuri: walisoma, walifanya kazi, waliwapenda watu wao, na watu waliwategemea.

Wataalamu wakauliza, “Hawa walikuwa na nini?” Hawakuwa na fedha kuliko wengine. Walikuwa na mtu. Kila mmoja tangu utoto wake alipata angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kubadilika: nyanya, babu, shangazi, yaya yake, au jirani, na wakubwa kidogo walimtaja mwalimu fulani. Tena wengi wao walipewa nyumbani kazi ya maana, kama vile kumlea mdogo wao, wakajiona kuwa wanahitajiwa. Tena walikuwa na jambo wanaloliweza na kulipenda, na imani iliyowaambia kwamba maisha yao yana maana.

Jambo la mwisho la utafiti huo tusilisahau. Wengi wa wale walioharibikiwa katika ujana walitengenezeka walipofika miaka 30 au 40: kwa kurudi masomoni, kwa kupata kazi yenye utaratibu, kwa ndoa njema, au kwa kuingia katika jumuiya ya waamini. Basi mwalimu asiseme juu ya kijana wa miaka 15, “Huyu amekwisha potea.”

Ni kweli Kauai si Kabambare. Watoto wale hawakukimbia risasi. Kwa hiyo tusichukue hesabu zao na kuzibandika juu ya watoto wetu. Lakini mtoto ni mtoto, na haja ya kupendwa na mtu asiyebadilika haina taifa.

IV. Binti wa kwetu Kongo

Tuutazame sasa mfano ulio karibu. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, tarehe 29 Desemba 1939. Alikuwa wa nne kati ya mabinti sita. Baba yake alikuwa askari. Kwa kuwa mke wake alizaa mabinti watupu, baba alimwacha, akaoa mwanamke mwingine. Wangapi katika madarasa yetu wanaijua habari hiyo kwa kuwa ndiyo habari yao wenyewe!

Hata jina lake lilichanganywa. Wazazi walimwita Nengapeta, jina la Kibudu lenye maana ya kwamba mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Liliandikwa kwa makosa katika kitabu cha shule, likamkalia mpaka leo. Mtoto aliyeachiwa jina la mwingine na nyumba iliyogawanyika, angeweza kusema kwamba hana chake duniani.

Lakini mama yake alibaki naye, wakabatizwa mwaka mmoja, 1943. Alikuwa na dada zake. Akapata shule, na humo shuleni masista waliomfundisha. Alipokuwa msichana aliingia utawani Bafwabaka, katika shirika linaloitwa Jamaa Takatifu. Tazameni jina hilo: binti ambaye jamaa yake ilikuwa imevunjika aliingia katika jamaa nyingine, wala hakumkana mama yake. Alifunga nadhiri zake tarehe 5 Agosti 1959, akawa mwalimu wa watoto wadogo, na kazi za jikoni na za sakristia hakuzidharau.

Maasi ya Simba, yaliyouteka Kindu mwezi wa Julai 1964 na Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, mwezi wa Agosti, yaliwafikia masista wa Bafwabaka mwezi wa Novemba. Wakachukuliwa kwa gari hadi Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba mkuu mmoja wa waasi alitaka kumtwaa kwa nguvu. Alikataa, akauawa, akimsamehe aliyemwua. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Hatusemi kwamba kuachwa na baba kulimfanya mtakatifu. Kuachwa ni uchungu, wala uchungu wenyewe haufundishi kitu. Twasema tu kwamba kuachwa hakukuwa neno la mwisho juu yake. Mama, dada, waalimu na jumuiya walisema neno jingine, naye akaliitikia. Tena tuone kwamba msichana huyu mnyenyekevu alijua kusema hapana. Hiyo nayo ni sehemu ya uimara, na wengi huisahau wanapowafundisha wasichana utii.

V. Nguzo nne za kumsimamisha mtoto

Nguzo ya kwanza ni mtu mmoja asiyebadilika. Si lazima awe tajiri, wala awe mzazi. Nyanya anayemwekea mjukuu wake sombe na kipande cha ugali kila jioni, hata kama ni kidogo, anafanya kazi kubwa kuliko baba anayeleta nguo mpya mara moja kwa mwaka na kutoweka. Mtoto hapimi kiasi. Hupima kama utakuwapo kesho.

Nguzo ya pili ni utaratibu. Katika nyumba yenye fujo, mtoto hajui kama leo watakula, kama baba atarudi amelewa, kama watahama usiku. Akili yake hukaa macho kama mlinzi, haipati nafasi ya kujifunza. Kwa hiyo mambo madogo yasiyobadilika humpumzisha: kuoga saa ile ile, kusali pamoja kabla ya kulala, kengele ya shule inayolia kwa wakati, mwalimu asiye na hasira leo na kicheko kesho.

Nguzo ya tatu ni kazi ya kiasi chake. Kuteka maji, kufagia, kumbeba mdogo wake, kupalilia karanga pamoja na mama: kazi hizo humpa mtoto heshima. Lakini kazi ina kipimo chake, nacho ni hiki: kazi inayomfundisha na kumwachia nafasi ya shule, chakula na usingizi ni malezi, kazi inayomnyang'anya hayo ni mzigo wa mtu mzima uliotupwa juu ya bega la mtoto. Kumshusha mtoto shimoni, au kumkalisha mtoni kutwa nzima akiosha mchanga wa dhahabu, si malezi hata kidogo.

Nguzo ya nne ni ukweli uliosemwa kwa upole. Mtoto ambaye baba yake ameondoka, akikosa maelezo, hujitungia yake, na mara nyingi hujiambia, “Aliondoka kwa sababu yangu.” Basi mama au mjomba amketishe amwambie: “Baba yako ameondoka. Si kwa kosa lako. Hatujui atarudi lini. Mimi nipo.” Maneno hayo ni machache, lakini huondoa jiwe zito moyoni. Wala asilazimishwe kumchukia baba yake, maana nusu ya damu yake atakuwa anaichukia.

VI. Mambo ambayo mtoto hapaswi kuyavumilia

Hapa tuwe macho. Somo la uimara likifundishwa vibaya huwa kamba ya kumfunga mtoto. Mtu mwovu atamwambia, “Vumilia, wewe ni imara.” Tuseme wazi: njaa ya pamoja yaweza kuvumiliwa pamoja, uovu anaotendewa mtoto hauvumiliwi.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kumlinda mtoto yasema kwamba mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Inakataza kumwoza mtoto. Inakataza kazi zinazodhuru afya yake. Inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Neno hili la mwisho litusumbue, kwa maana kila mara anayesingiziwa ni nani? Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa mke aliyeachwa, yule ambaye hakuna wa kumtetea. Mtoto mchanga akifa kwa surua au malaria, kidole huelekezwa kwa yule anayelala karibu na mlango. Mwalimu akisikia maneno hayo kijijini, asicheke wala asinyamaze. Aende kwa wazee na kwa padri siku hiyo hiyo.

Tena mtoto akitendewa jeuri ya mwili, apelekwe hospitali au kituo cha afya bila kukawia, kabla ya saa 72 kwisha, maana ziko dawa za kumkinga na maradhi ambazo zikichelewa hazisaidii tena. Aibu si ya mtoto. Ni ya aliyetenda.

VII. Kila mtu na wajibu wake

Mwalimu. Tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na makanisa kwa mapatano nayo, ni bure, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza. Basi mtoto asifukuzwe darasani mbele ya wenzake kwa sababu ya fedha, wala kwa sababu ya shati lililochanika. Akikosa siku tatu, mwalimu aulize. Akikosa juma, aende nyumbani, au amtume mkubwa wa mtaa. Ziara moja humwambia mtoto kwamba jina lake lilitafutwa.

Mzazi anayebaki. Mama uliyeachwa, usimfanye mtoto wako wa kwanza kuwa mume wa nyumba. Akusaidie, lakini awe mtoto. Mwombe shangazi, mjomba, jirani. Kuomba si kujidhili.

Mzazi aliye mbali. Wewe uliye machimboni, kama huna fedha ya kutuma, tuma neno. Siku hizi simu inafika mahali pengi. Watoto hawakungojei kwa sababu ya dhahabu tu.

Mama wa kambo. Mtoto uliyemkuta hakukuchagua, nawe hukumchagua. Lakini sahani ni moja, na mtoto huona mara moja mkono unaopima mboga kwa wake na kwa wa mwenzake. Wapimie sawa, nawe siku moja utazikwa na watoto wote.

Wewe mwanafunzi mkubwa usomaye ukurasa huu mwenyewe. Kama nyumba yenu imeyumba, tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie. Shika jambo moja unaloliweza vema, ingawa dogo: kusoma kwa sauti, kushona, kuimba kwaya, kufuga kuku. Haba na haba hujaza kibaba. Na mdogo wako akikutazama, ujue kwamba kwake wewe waweza kuwa ndiye yule mtu mmoja tuliyemtaja.

Katika Maandiko, Yosefu mwana wa Yakobo alitoka katika nyumba ya wake wengi na wivu mwingi. Ndugu zake mwenyewe walimwuza. Alipopata nguvu ya kulipiza kisasi, aliwapa chakula. Lakini kabla ya kuwasamehe alilia kwa sauti hata Wamisri wakasikia. Basi tuwaruhusu watoto wetu kulia, tukae karibu nao, nasi tuwe hapo tena kesho yake.

Maswali ya kujadiliwa darasani na katika mkutano wa wazazi

1. Taja sababu tatu zilizoyumbisha nyumba katika nchi yetu. Kwa nini si vema kuziita laana?
2. Mtoto mgumu na mtoto imara, tofauti yao ni nini?
3. Watoto wa Kauai waliokua vizuri walikuwa na mambo gani?
4. Ni nani waliomsaidia Anuarite baada ya baba yake kuondoka nyumbani?
5. Tutajuaje kwamba kazi ya mtoto imepita kipimo?
6. Mtoto akisingiziwa uchawi katika kijiji chetu, nani atakwenda kwa wazee, na lini?

Kazi ya juma hili: kila mwalimu akifungue kitabu cha mahudhurio, achague jina moja lenye alama nyingi za kukosa, na kabla ya Dominika aende kubisha hodi nyumbani kwao.